Pumzi Yangu na Samli ya Mama Mkwe

Kama na wewe unaugua pumu, huenda unayasoma haya ukiwa umeketi wima, mikono juu ya magoti, mabega yamepanda. Naujua mkao huo. Nimeukaa miaka mingi, na ndugu walikuwa wakinipita wakidhani nimenuna. Sikununa, ingawa hata nikiwa mzima si mtu wa kucheka hovyo. Nilikuwa natafuta pumzi, na anayetafuta pumzi hana nafasi ya kuwachangamkia wageni.

Sitakufundisha udaktari. Mambo ya mapafu waulize waliosomea. Mimi nitakueleza habari ya kula tu: jinsi nilivyolishwa mpaka nikashindwa kupanda kilima kidogo, na jinsi kukataa chakula kulivyotaka kumharibia jina mtu asiye na kosa. Laiti mtu angenieleza mapema, watu wawili wangepunguza machozi.

Ulikuwa wakati wa Mwingereza. Nilikuwa nimeolewa na Yohana, mwalimu wa shule ndogo ya kanisa upande wa Msalato, na tuliishi kwa mama yake, mjane, katika tembe lenye paa la udongo, ng'ombe upande mmoja na sisi upande wa pili. Yohana alikuwa mtoto wake pekee. Pumu nilikuja nayo kutoka kwetu. Sikuificha, wala sikuitangaza, maana wakati wa posa watu huonyesha meno, hawaonyeshi kikohozi.

Siku ya harusi Mama alinivika kikuku cha waya wa shaba, mizunguko mingi juu ya kiwiko, kama walivyovaa wanawake wa rika lake. Kumbe kile ndicho kilichokuwa mizani yake. Ilipofika kupura uwele, makapi yakiruka uwanjani, kifua changu kilifunga, na majuma matatu sikuweza kula zaidi ya vijiko viwili vya uji. Nikakonda. Asubuhi moja nilikuwa nafagia, kikuku kikateremka chenyewe mpaka kwenye kifundo cha mkono, mbele ya macho ya Mama. Alikwenda kukaa kivulini akanitazama muda mrefu, kisha akaniambia kuwa upepo unaniingia kwa sababu ndani haukuti kitu cha kuuzuia.

Usimcheke. Kwetu Ugogo mvua ikikosa mwaka mmoja, watu huanza kuhesabiana mbavu. Mama alikuwa ameona njaa iliyomaliza nyumba nzima nzima. Kwa mtu kama huyo mwili mnene si urembo, ni ghala.

Basi nikaanza kulishwa. Asubuhi uji wa uwele, samli inaelea juu kidole kizima. Mchana ugali na maziwa mgando, kibuyu changu peke yangu. Jioni ugali tena, na mafuta ya mkia wa kondoo yaliyoyeyushwa, na Mama ameketi mbele yangu mpaka nilambe bakuli. Kazi zote niliondolewa: jiwe la kusagia, jembe, kuteka maji. Alizifanya yeye, mwanamke mwenye magoti mabovu, mimi nikiwa nimekaa ndani kama mwali. Yohana alikuwa akinitania kwamba ameoa mke, mama yake anafuga ndama.

Masika yale yalikuwa mazuri. Vumbi lililala, majani yakaota, na kifua kikatulia. Mama akasema ni samli. Nami nilisema ni samli. Sikukumbuka kwamba tangu utotoni masika yalikuwa yakinipumzisha hata nilipokuwa sina samli ya kupaka midomo. Nilichukua sifa za mvua nikampa ng'ombe.

Kikuku kikajaa, kikazama, nyama ikafura juu yake na chini yake. Kila Jumapili Mama alijaribu kupenyeza kidole kati ya shaba na mkono, na siku kidole kilipokataa kupita aliwaita jirani waje kuona. Wakanifinya, wakasifu. Nakiri nilifurahi. Hakuna mgonjwa asiyependa kuambiwa amependeza.

Lakini mwili una siri zake. Mapaja yalikuwa makubwa, na kuinuka kutoka kwenye kigoda nilihitaji kushika nguzo. Siku moja nilitaka kumsaidia Mama kuinua kibuyu cha maji, si kikubwa, mikono ikatetemeka nikakiweka chini. Kutoka mlangoni hadi kwenye zizi nilifika nahema. Jioni, tumbo likiwa limejaa, nilikuwa siwezi kulala chali, chakula kimekaa juu, pumzi imekaa chini, havipishani. Nilipomwambia Mama kwamba nachoka, aliniongezea maziwa. Ningemlaumu vipi? Dawa aliyokuwa nayo ni hiyo moja.

Kupura kulipofika mara ya pili, nilizidiwa saa tatu asubuhi, nikiwa nje ya uwanja, sijagusa hata shuke moja. Nilifungua mdomo kumwita Yohana, sauti haikutoka. Wanaume walinilaza juu ya kitanda cha kamba wakanibeba mpaka barabara ya Kondoa. Nakumbuka walikuwa wakipokezana mara kwa mara na mmoja alinong'ona kwamba mke wa mwalimu si mchezo. Hata katika hali ile niliona aibu. Lori lililobeba magunia ya karanga likatuchukua hadi mjini.

Hospitalini nilichomwa sindano. Moyo ulirukaruka, mikono ikatetemeka, kisha pumzi ikaingia, ikafika chini kabisa, mahali ambapo nilikuwa nimeshasahau kwamba napo ni pangu. Nililia mbele ya watu wote. Kama hujawahi kuikosa pumzi, sina maneno ya kukueleza. Kama umewahi, hunihitaji.

Baada ya hapo nilitakiwa kurudi kila Jumatano. Tuliketi barazani kwenye benchi refu tangu alfajiri, wenye vidonda, wenye homa, akina mama wenye watoto. Nilipewa vidonge vidogo vyeupe, vichungu, vilivyofukuza usingizi na kunitetemesha vidole hata sindano ya kushonea sikuweza kuipitisha uzi. Jumatano moja kifua kilinibana kabla sijafika hospitali, nikashika nguzo ya duka la vitambaa. Mwenye duka, mama wa Kihindi aliyezidi umri wa mama yangu, alitoka na kigoda na kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi. Aliniambia kwamba marehemu mume wake alikuwa na pumu miaka ishirini. Kwao, alisema, wanakula jua lingali juu, na wanabakiza nafasi.

"Tumbo likijaa yote, mwanangu," alisema, "pumzi itakaa wapi?"

Siku ileile, kana kwamba wamepatana, dresa aliniambia maneno ya namna hiyohiyo. Dresa ndiye aliyekuwa msaidizi wa daktari. Huyu wetu alikuwa Mnyamwezi, mpole, na viatu vyake vilikuwa vikilia akitembea. Alinipa ndoo yenye maji nusu, akaniambia niinyanyue na kuishika. Sikufika hata hesabu ya kumi. Akautazama mkono wangu na kile kikuku kilivyozama.

"Mama, umenenepa lakini umedhoofika," alisema. "Hapa yamejaa mafuta. Nyama ya kufanyia kazi imekwisha kwa kukaa. Na kifua chako kibovu ndicho kinachobeba mzigo wote huu."

Nilichukia. Nilitamani kumjibu kwamba nimelishwa kwa jasho la mjane. Lakini nilikuwa sina pumzi ya kugombana, nayo ndiyo faida moja ya pumu, unasikiliza mpaka mwisho. Alisema niache samli na mafuta ya mkia. Nile kidogo kidogo, na jioni nimalize kabla jua halijazama. Kunde, karanga, mlenda, yai, nyama ya kuchoma ikipatikana, maziwa kikombe kimoja. Na nirudi kazini taratibu, ila mbali na vumbi. Kikuku kilikuwa kimeanza kuniumiza, wakakikata kwa koleo. Nilikifunga kwenye pindo la khanga.

Sasa nifike kwenye kosa langu, na hili lisome mara mbili. Nilifika nyumbani jioni nimechoka. Mama alikuwa ameshapika, na jirani wawili walikuwa wamekuja kunipa pole, tumekaa wote kuzunguka chakula. Akanisogezea bakuli langu, samli inang'aa. Mimi nikalisukuma. Nikasema tu, "Nimekatazwa." Kisha nikafungua pindo la khanga, nikamwekea kikuku kilichokatwa mkononi.

Kwetu mkwe akitoka hospitali na kukataa bakuli la mama mkwe, hakuna anayefikiria hospitali. Watu wanasema ameambiwa kilichomo ndani ya bakuli.

Haikufika Jumapili. Wanawake waliokuwa wakija kuomba kaa la moto kwa Mama wakaanza kupita kwa mwingine. Kwenye kazi ya kupura shamba la jirani, Mama alipeleka togwa kama kawaida, kibuyu kikazungushwa, kila mtu akapokea kwa heshima, akampisha mwenzake, na kikarudi kimejaa. Alikibeba mwenyewe kurudi nyumbani. Aliendelea kunipikia, akaendelea kuniwekea bakuli, nami nikaendelea kumega ugali mkavu pembeni, na kila tonge lilikuwa shahidi dhidi yake.

Nilijua la kufanya ili kumsafisha: nile. Na nilijua nikila nini kitanipata. Yohana, ambaye darasani alikuwa na jibu la kila swali, juma zima alitoka mapema na kurudi usiku. Mwishowe akaniomba nile Jumapili moja tu, mbele ya watu, wakitoka kanisani, basi yaishe. Akaniomba kwa macho mekundu. Nilikubali kwa sababu nilimpenda mama yake, na hilo nalisema waziwazi, kwani kwa kawaida wakwe wanaandikwa kwa ubaya tu.

Nikala. Ugali, maziwa, mafuta ya mkia, bakuli zima, watu wakitazama. Mama alinimiminia maziwa mpaka ukingoni, akitabasamu. Jumatatu asubuhi nilikuwa juu ya kitanda cha kamba tena, barabara ya Kondoa.

Sasa hapo watu walipata ushahidi. Alipoacha alipona, alipokula alianguka. Nani tena angebisha?

Safari hiyo nililazwa siku tisa. Siku ya tatu Mama alikuja. Alikuwa ametembea kwa miguu kutoka Msalato, peke yake, na magoti yale, kwa kuwa hakukuwa na mtu wa kufuatana naye. Alisimama miguuni mwa kitanda bila kuweka mzigo chini.

"Sechelela," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina langu tangu niolewe. "Unaona mimi nilikuwekea kitu?"

"Hapana, Mama."

"Basi kwa nini chakula changu kinakuua?"

Nilimweleza pole pole, kwa kituo, maana pumzi ilikuwa bado fupi. Kwamba samli imenijaza lakini haikunipa nguvu. Kwamba aliponiondolea kazi kwa huruma, mikono ilisahau kazi. Kwamba tumbo likijaa hunibana. Kwamba nilipaswa kumweleza yeye kwanza, faraghani, na sikufanya hivyo, na hilo kosa ni langu.

Hakuniamini papo hapo. Aliinuka akaanza kuzunguka wodi, kitanda hadi kitanda, akiwaamkia wagonjwa na kuwashika mikono juu ya kiwiko, kama alivyokuwa akinipima mimi. Kwenye kona alikuwapo binti mwembamba kama ufito. Mama akaniuliza anaumwa nini. Nikamwambia pumu. Karibu na mlango alikuwapo mwanamke mnene kunishinda. Naye? Naye pumu. Akarudi akaketi. Dresa alipopita, Mama alimshika koti akamwuliza swali moja tu: nimpikie nini? Dresa akamtajia. Akamtaka arudie, kisha arudie tena, yeye akihesabu kwa vidole. Ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwuliza mimi nile nini, na aliyeuliza ndiye aliyekuwa anatuhumiwa.

Niliporudi nyumbani hakusubiri uvumi ufe wenyewe. Aliwaalika wanawake wote wa jirani, saa kumi jioni, jua lingali kali. Wakaja, nani akose? Alikuwa amepika kunde na mlenda, na ugali wa uwele tonge moja kubwa. Akaupasua mbele yao. Akamega upande wangu, akachovya kwenye mboga yangu, akala kwanza yeye, kama mtu anavyoonja pombe kabla ya kumpa mgeni.

"Mimi nimekula," alisema. "Sasa anakula mkwe wangu. Atabakiza. Msishangae, ndivyo nilivyompikia, abakize."

Nikala, nikabakiza nusu. Hakuna aliyeaga. Walikaa pale wakizungumza habari za ng'ombe na mvua, macho yakinirudia kila mara, wakingoja nianze kuhema. Jua likazama, mimi nikiwa napumua. Mwishowe mmoja wao, yule aliyekuwa wa kwanza kuacha kuja kuomba moto, aliinuka akaomba kaa la moto. Mama alimpa, lakini alimchagulia dogo.

Kiangazi kizima nilijifunza upya mwili wangu. Nilianza kuteka maji kwenye visima vya mchangani na kibuyu nusu, nikipumzika mara nne njiani. Kabla ya mvua nilikuwa napumzika mara moja. Nilisaga kidogo, nimefunga kitambaa puani, mlangoni ambapo upepo unachukua unga. Njaa ya jioni ilinitesa mwanzoni, nisikudanganye, hasa harufu ya samli ikitoka kwa jirani. Mavazi yakalegea. Ajabu, mizani ya hospitali haikushuka sana; dresa alinieleza kwamba mafuta yametoka na nyama imeingia, ndiyo maana. Alinipa ile ndoo tena. Niliishika mpaka yeye akachoka kuhesabu.

Pumu haikuondoka. Anayekuambia chakula kitaiondoa, mpe chai aende zake. Vidonge niliendelea kumeza, sindano nilichomwa tena mara kadhaa. Ila iliponijia, ilinikuta na miguu ya kusimamia.

Kupura kwa mwaka wa tatu nilikupitisha upande upepo unakotoka, kazi yangu kupika. Nilibanwa siku mbili tu, nikiwa nyumbani, bila kitanda cha kamba. Jioni ya siku ya mwisho tulikaa wawili, Mama na mimi, tunachambua kunde kwenye ungo. Bila kuinua macho akaniambia kwamba kabla ya Yohana alizaa binti.

Sikuwa najua. Yohana mwenyewe hakuwahi kunisimulia, alikuwa mdogo mno. Mama alilitaja jina lake. Siliandiki hapa, ni lake. Mwaka wa njaa walikuwa wamebakiwa na mbuzi mmoja wa maziwa, kikombe kimoja kwa siku. Binti alikuwa akikaa wima, kifua kinalia, akipewa maziwa anageuza uso. Yohana alikuwa akiyalilia. Siku kadhaa Mama aliwagawia. Kisha akaacha kuwagawia, akampa Yohana yote. Binti alikonda akafa mvua haijanyesha.

"Kifua chake kililia kama chako," alisema. "Hospitali nimesikia wote wanalia hivyohivyo, wanene na wembamba. Wewe unaujua ugonjwa huu. Niambie. Alikufa kwa pumu, au kwa maziwa niliyompa Yohana?"

Sijui. Sikujua siku ile na leo sijui. Mwenye njaa naye hukosa pumzi, na mwenye pumu asiyekula hufa upesi kuliko mwingine. Nilimtazama mikono, ile iliyonisagia mwaka mzima.

"Pumu, Mama," nikamwambia. "Asingeweza kuyanywa."

Aliendelea kuchambua. Alitupa zilizooza, akatupa na kunde mbili tatu nzima bila kuziona, nami sikumkumbusha. Kisha akaniuliza kama leo anipikie nusu kama siku zote au azidishe kidogo, maana nimeshinda kazini. Nikamwambia azidishe kidogo.